Alasiri ya Mtoto wa Kasigau

Katika miji yetu ya pwani, tangu Vanga hadi Faza, hapana haja ya kumwuliza mtoto alasiri aenda wapi. Akirudi shule hula alichowekewa, huvua sare, huchukua juzuu yake akaenda chuoni. Mama hana wasiwasi. Ajua mwanawe yuko barazani kwa mwalimu fulani, nyumba ya tatu kutoka msikitini, na kwamba adhana ya magharibi itamrudisha. Jambo hili tumelizoea hata hatulioni. Twasema ni dini, na kweli ni dini. Lakini pia ni mpango wa mji mzima wa kumshika mtoto katika saa ambazo shule imekwisha kumwachilia, na wazazi wake bado wamo kazini.

Basi, wasomaji wangu, leo nataka tuulizane: mahali pasipokuwa na chuo, ni nani aishikaye alasiri ya mtoto? Swali hili twaweza kuliuliza popote, lakini nimependa tuliulize chini ya mlima wa Kasigau, upande wa Voi, kwa kuwa huko alasiri ni fupi na njia ya kurudi nyumbani si salama.

MLIMA ULIO PEKE YAKE

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi, akiisha kupita Mackinnon Road, pale penye msikiti na kaburi la Sayyid Baghali Shah ambapo wengi wetu husimama kuomba dua, huona upande wake wa kushoto mlima umesimama peke yake nyikani. Ndio Kasigau. Kilele chake ni mita 1,641 juu ya bahari. Juu kuna msitu unaokamata ukungu, na maji ya msitu huo huteremshwa kwa mabomba hadi kwa watu. Chini, kuuzunguka mlima, viko vijiji vitano: Rukanga, Jora, Makwasinyi, Bungule na Kiteghe. Kupita vijiji hivyo ni nyika ya Tsavo kila upande, yenye miiba, vumbi jekundu na ndovu.

Mlima huu si mgeni kwetu. Misafara ya Mombasa iliujua, na mmishonari Rebmann wa Rabai alipofika huko Oktoba 1847 aliuandika kwa jina la Kadiaro. Lakini lipo jambo jingine linalotuunganisha, na hilo si la kujivunia. Mwaka 1915, katika Vita Vikuu vya Kwanza, Wajerumani waliokuwa ng'ambo ya mpaka waliishambulia ngome ndogo ya Waingereza hapo Kasigau. Waingereza wakawashuku wenyeji kwamba wamewaongoza adui, wakawakusanya, wanaume kwa wanawake na watoto, wakawahamishia Malindi. Watu wa mlimani, waliozoea baridi na maji ya chemchemi, wakatupwa katika joto na homa ya pwani. Wengi walikufa huko. Waliosalia walipita miaka mingi ya kutangatanga kabla ya kurudi mlimani kwao na kuanza upya.

Nalitaja hili ili ijulikane kwamba watu wa Kasigau wamekwisha kujenga jamii yao kwa mikono mitupu mara moja. Tena ni kwa sababu sisi wa pwani tuliwapokea wakiwa wafungwa, wala hatukupata kuwapokea wakiwa wageni. Atakayezungumza juu ya watoto wao na azungumze kama jirani mwenye deni, asizungumze kama mfadhili.

SAA ZILE MBILI

Tuhesabu saa. Kwa kanuni za elimu za Kenya za mwaka 2015, skuli ya kutwa hufundisha tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu mchana. Kuanzia hapo hadi saa kumi na moja kasorobo ni wakati wa michezo, vyama na shughuli nyingine zisizokuwa masomo ya darasani. Kisha mtoto ni huru. Jua la Kasigau huzama saa kumi na mbili na nusu hivi, na kwa wale wakaao upande wa mashariki, kivuli cha mlima huwafikia mapema zaidi.

Katika saa hizo mbili kasoro, mtoto ana kazi. Kuna maji ya kuteka pale bomba linapokauka, kuna mbuzi wa kurudisha, kuna kuni, kuna mdogo wake wa kubeba mgongoni. Na hapana budi awe nyumbani kabla ya giza, kwani giza ni la ndovu. Eneo zima la Tsavo lina ndovu zaidi ya 12,000, nao hawajui mipaka ya mbuga wala ya shamba. Hutembea usiku wakitafuta maji na mahindi, na mtu akutanaye nao njiani aweza asirudi. Ukame ulipouma baina ya mwaka 2020 na 2022, wanyama na watu waligombea maji yale yale. Mzazi wa Bungule akimwambia mwanawe asichelewe, haimbi wimbo wa wazazi wote. Ana jambo hasa analoliogopa.

Kwa hiyo mipango mingi iliyotungwa mijini kwa ajili ya watoto wa baada ya shule haifai kubebwa mzimamzima ikapelekwa Kasigau. Ukimwambia mtoto wa Majengo akae darasani hadi saa kumi na mbili, humdhuru sana. Ukimwambia hayo mtoto wa Makwasinyi, umempeleka njiani wakati mbaya. Na mzazi mwenye akili atamkataza asije, nawe utasema wazazi wa kule hawapendi elimu.

KARO NA KUSOMA

Wako watakaosema: mbona Kasigau imesaidiwa? Ni kweli. Nyika ile imekuwa mashuhuri duniani. Mradi wa hewa ya ukaa wa Kasigau, unaoendeshwa na kampuni ya Wildlife Works, ndio uliokuwa wa kwanza duniani wa namna yake kuidhinishwa na kupata hati za kuuza, mwaka 2011, kwa kulinda miti isikatwe. Sehemu ya fedha zake imelipia karo za wanafunzi, ikajenga madarasa na kuleta maji. Hayo ni mema, na asiyeshukuru kwa kidogo hashukuru kwa kingi.

Lakini tuangalie karo humfaa nani. Humfaa yule aliyekwisha fika mlango wa sekondari. Yule aliyeachwa nyuma darasa la tatu, akakaa nyuma ya darasa miaka mitano akiitikia pamoja na wenziwe asichokisoma, huyo hafiki kwenye mlango huo. Shirika la Uwezo, lililoanza kuwapima watoto nyumba kwa nyumba nchini Kenya mwaka 2009, lilipata katika ripoti zake za miaka iliyofuata kwamba kati ya watoto kumi wa darasa la tatu, saba hawakuweza kufanya kazi ya darasa la pili. Hiyo ni hesabu ya nchi nzima, mijini na mashambani. Mahali pakavu na pa mbali, ambapo mtoto hukosa shule kwa njaa au kwa mbuzi, hatuwezi kutarajia hali iwe nyepesi zaidi.

Ndio maana alasiri ina thamani. Darasani mwalimu ana watoto hamsini na silabasi ya kukimbizana nayo. Hawezi kurudi nyuma kumtafuta mmoja aliyepotea katika herufi. Anayeweza kurudi nyuma ni mtu wa alasiri.

SI TUSHENI

Hapa nataka tuelewane vizuri. Sizungumzii tusheni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza wanafunzi kulazimishwa masomo ya likizo, na imeweka adhabu ya faini au kifungo kwa mwenye kuivunja. Imekatazwa kwa sababu ilikuwa biashara. Mwalimu yule yule aliyepaswa kufundisha asubuhi aliweka akiba maarifa yake mpaka jioni, akayauza kwa mwenye shilingi. Maskini alilipia mara mbili au akakosa mara mbili.

Mpango wa jamii ni kinyume cha hayo. Hautafuti kumaliza silabasi. Hautozi. Haumrudishi mtoto kwenye dawati lile lile kusikia somo lile lile kwa sauti ile ile iliyochoka. Humchukua mtoto pale alipo, hata ikiwa ni katika alifu na be yake, ukamsogeza hatua moja. Na kwa kuwa mtoto amekwisha kaa kitako tangu asubuhi, lazima kuwe na mchezo, nyimbo, vitendawili na ngano. Mtoto aliyecheza kwanza husoma vizuri zaidi baadaye.

CHUO CHAJUA NINI

Sasa turudi kwenye chuo chetu, tukitazame kama mgeni akitazamavyo. Kimeishi karne nyingi bila bajeti ya serikali. Kwa nini?

Kwanza, mwalimu wa chuo ni jirani. Hakuletwa kwa gari wala hana mkataba wa miaka miwili. Akiumwa, mtaa wajua. Mtoto akikosekana siku mbili, mwalimu ajua. Pili, hapakungojwa jengo. Baraza, ukumbi, kivuli cha mwembe, vyote vilitosha. Tatu, watoto hawakupangwa kwa umri. Alioko kwenye alifu alikaa na wa alifu hata akiwa na miaka kumi, na aliyefika juzuu ya Amma alisoma Amma hata akiwa na miaka sita. Nne, mkubwa alimsomesha mdogo, na kwa kumsomesha akajifunza mara ya pili. Tano, mwisho ulionekana: siku ya kuhitimu palisomwa dua, pakaliwa, mwalimu akatunzwa, na mtaa mzima ukajua kwamba mtoto wa fulani amemaliza.

Na tuseme yote, tusipambe. Chuo kilikuwa na bakora. Mzazi alimkabidhi mtoto kwa maneno tunayoyajua, kwamba nyama ni ya mwalimu na mifupa ndiyo ya mzazi, na wako waliotoroka wakawa hawakurudi tena kwenye kitabu chochote. Kilikuwa na watoto waliotumwa maji na kuni za mwalimu badala ya kusomeshwa. Wengi walihitimu bila kujua maana ya neno moja. Na msichana alitolewa mara tu alipovunja ungo. Atakayeazima chuo aazime utaratibu wake, aache bakora. Leo sheria ya Kenya yakataza kumpiga mtoto, na hata isingekataza, mtoto wa alasiri amekuja kwa hiari yake. Ukimpiga, kesho atakwenda kwa mbuzi wake.

Walioujua uzuri huu wa chuo na kuufanyia kazi wapo. Mombasa, katika miaka ya 1980, wazee wa Kiislamu walipoona watoto wao wanaingia skuli wakiwa nyuma ya wenzao, walitafuta njia ya kuunganisha mafunzo ya dini na maandalizi ya skuli. Wakfu wa Aga Khan ukasaidia, na Bi Swafiya Said akawafunza wanawake wa mitaani, wengi wao wasiokuwa na vyeti vikubwa, kufundisha watoto wadogo kwa vifaa vilivyookotwa hapo hapo: vifuu, makombe, mbegu na vizibo. Skuli ya kwanza ilifunguliwa Liwatoni mwaka 1986. Kutoka hapo mpango ulikwenda Zanzibar mwaka 1990, kisha Uganda. Hao walikuwa watoto wa kabla ya shule, si wa baada yake. Lakini funzo ni lile lile. Mwanamke wa mtaa akifunzwa na akaaminiwa, huweza.

KUSINI MWA AFRIKA

Anayedhani mambo haya ni ya pwani yetu pekee na atazame kusini kabisa mwa bara hili. Mwaka 1780 Waholanzi walimleta Cape Town mfungwa kutoka kisiwa cha Tidore, katika visiwa ambavyo leo ni Indonesia. Jina lake ni Imam Abdullah bin Qadhi Abdus Salaam, naye hujulikana zaidi kwa jina la Tuan Guru. Walimfunga katika kisiwa cha Robben, kile kile ambacho baadaye kilimfunga Mandela, na humo kifungoni akaiandika Kurani yote kutoka kichwani mwake. Alipofunguliwa, mwaka 1793, akafungua madrasa katika mtaa wa Dorp. Akawasomesha watoto wa watumwa na wa watu huru bila kubagua, wakati ambapo hapana aliyefikiri mtoto wa mtumwa ahitaji kitabu. Katika madrasa za Cape Town ndimo watu walimoanza kuiandika lugha ya Kiafrikaans kwa herufi za Kiarabu, kama babu zetu walivyoandika Kiswahili. Yule mtu alihamishwa kwao kwa nguvu kama watu wa Kasigau walivyohamishwa, na la kwanza alilolifanya kwa ajili ya wengine lilikuwa kuwashika watoto.

Huko huko Cape Town, katika kitongoji cha Khayelitsha, mwaka 2003 palianzishwa mpango uitwao IkamvaYouth. Ikamva kwa Kixhosa ni mustakabali, siku zijazo. Wanafunzi wa sekondari wa mtaani hukutana baada ya shule wakasaidiwa masomo na watu wa kujitolea, na waliofaulu wakaingia chuo kikuu hurudi kuwasaidia wadogo zao. Hapo ndipo uhai wa mpango ulipo. Aliyevushwa hurudi na mtumbwi.

Nchini Zambia serikali yenyewe ilianza mwaka 2016 kujaribu mpango uitwao Catch Up, kwa watoto wa darasa la tatu hadi la tano. Asili ya njia yake ni India, kwa shirika la Pratham. Kila mtoto hupimwa kwa dakika chache: ajua herufi, ajua neno, ajua aya, au ajua hadithi? Kisha hukaa na walio kiwango chake, si na walio umri wake, kwa muda wa saa moja hivi kwa siku. Wataalamu wameusifu sana utaratibu huo kuwa ni uvumbuzi. Mwalimu wa chuo Siyu angeuliza kwani zamani mlikuwa mkifanyaje.

Na hapa Kenya, katika mitaa ya Korogocho na Viwandani jijini Nairobi, kituo cha utafiti cha APHRC kilianza mwaka 2013 mpango wa baada ya shule kwa wasichana wa madarasa ya mwisho ya msingi. Vijana wa mitaa hiyo hiyo ndio waliokuwa wakiwasaidia kusoma na hesabu, na wazazi wakaitwa vikaoni kujifunza namna ya kufuatilia kazi za watoto. Baadaye, mwaka 2016, wavulana nao wakaingizwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba wazazi hawakuachwa nje. Mpango wa mtoto usiomjua mzazi ni nyumba isiyokuwa na mlango.

UKIENDESHWA KASIGAU

Basi tuseme watu wa kijiji kimoja, Rukanga au Jora, wameamua. Waanzie wapi?

Waanze na saa. Zile dakika 75 baina ya saa tisa na nusu na saa kumi na moja kasorobo, ambazo kanuni imezitenga kwa shughuli zisizokuwa za darasani, ndizo zao. Wakikubaliana na mwalimu mkuu, siku nne kwa wiki, wamepata saa tano za wiki. Katika muhula wa wiki 12 ni saa 60, na mtoto bado afika nyumbani jua likiwaka. Ijumaa iachwe kwa mpira, na kwa watoto wa Kiislamu waliomo nao wapate nafasi yao.

Kisha mahali. Wanawake wa Kasigau ni hodari wa kusuka vikapu vya mkonge, na katika vikundi vyao hukutana wakasuka pamoja, mazungumzo yakiendelea. Hapo pana jambo ambalo fedha haiwezi kulinunua: watu wazima, wengi, wanaojuana, wameketi mahali pa wazi. Weka mkeka wa watoto kando ya wasukaji. Mtoto asome kwa sauti, na bibi asikilize huku mkono ukifanya kazi, hata ikiwa bibi mwenyewe hakupata kusoma. Mtoto husomea mtu, hasomei ukuta. Na mahali palipo na macho mengi, mtu mwenye nia mbaya hana pa kujificha. Hili la usalama si dogo. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imetilia mkazo ulinzi wa mtoto, na mpango wowote uwe na desturi isiyovunjwa: asiachwe mtu mzima mmoja na mtoto mmoja faraghani, hata akiwa nani.

Kisha wasomeshaji. Vijana waliomaliza kidato cha nne wakakaa vijijini bila kazi wapo katika kila kijiji cha Kenya. Wawili wakichaguliwa na wazazi wenyewe, wakafunzwa na mwalimu mstaafu kwa wiki chache, watatosha kwa watoto arubaini, ikiwa wakubwa watasaidia wadogo. Wapewe posho, iwe ndogo lakini isikosekane. Kijana aliyeahidiwa akacheleweshewa miezi mitatu huenda Voi au Mombasa kutafuta kibarua, wala hatuwezi kumlaumu.

Kisha lugha. Mtoto wa huko huota kwa Kikasigau, hucheza kwa Kiswahili, huulizwa mtihani kwa Kiingereza. Mwanzo wa kusoma uwe kwa lugha anayoielewa. Babu asimulie ngano kwa Kikasigau, kijana aiandike, mtoto aisome kesho yake. Kwa njia hiyo watapata vitabu visivyonunuliwa. Masimulizi ya safari ya Malindi, ambayo wazee waliyapokea kwa wazazi wao, yakiandikwa kwa mkono wa watoto, yatakuwa kitabu ambacho maktaba zetu za Mombasa hazina.

Kisha uji. Mtoto mwenye njaa hasomi. Kikombe kimoja cha uji saa tisa na nusu huleta watoto kuliko tangazo la chifu. Na mtungi wa maji uwepo hapo hapo, ili msichana aliyetumwa maji aje na ndoo yake, asome, kisha arudi nayo imejaa. Bila hivyo, mpango utajaa wavulana, na wasichana watausikia kwa mbali tu.

Mwisho, hesabu ya fedha. Chaki, madaftari, unga wa uji na posho za vijana wawili. Haya si mambo ya kungojea balozi kuja kukata utepe. Kamati za vijiji zinazogawa fedha za mradi wa miti zina uwezo wa kuyafikiria, na wazazi wasiokuwa na shilingi wanayo kuni na nguvu zao. Jina la kila mtoto liandikwe siku aliyoingia na alichoweza kusoma siku hiyo, kisha apimwe tena mwisho wa muhula mbele ya wazazi. Aliyemaliza kitabu asimame akisome mbele ya watu, apigiwe vigelegele. Sisi twaita kuhitimu; wao watakuwa na jina lao.

KINACHOUA

Mipango ya namna hii haifi kwa kukosa wazo. Hufa kwa kuanzia juu. Hujengwa ukumbi wa mabati, hupakwa rangi, huandikwa jina la mfadhili kwa herufi kubwa, huletwa kompyuta pasipokuwa na umeme wa kutegemewa. Miaka miwili ikiisha mfadhili huondoka, na kufuli hubaki mlangoni. Watoto huchungulia madirishani wakiona vitabu wasivyoweza kuvigusa. Twalijua jambo hili hata hapa pwani, hatuna haja ya kwenda mbali kuonyesha vidole.

Huua pia tamaa ya kupata watoto wengi haraka. Watoto ishirini waliokuja kila siku kwa mwaka mmoja ni faida kubwa kuliko mia mbili waliopigwa picha siku ya ufunguzi. Mwalimu wa chuo hakuwa na takwimu za kumpelekea mtu. Alikuwa na mkeka, na alikuwa pale jana, yuko pale leo, na mtoto hana shaka kwamba kesho atamkuta.

Hilo, kwa maoni yangu, ndilo jambo lenyewe. Nguzo ya alasiri ya mtoto ni mtu mzima wa hapo hapo aliyekubali kuwapo. Jengo, vitabu na fedha humsaidia huyo. Asipokuwapo, havimsaidii mtu.

Na sisi je? Tusidhani tumesalimika kwa kuwa tuna vyuo. Skuli zimerefusha siku, simu zimeingia mifukoni mwa watoto, na vyuo vingi vya mitaa vimesukumwa hadi Jumamosi na Jumapili. Ziko baraza za Mombasa na Malindi ambazo miaka arubaini iliyopita zilivuma sauti za watoto alasiri nzima, na leo zina viti vya plastiki na meza ya kuuzia kadi za simu. Tukiwatazama watoto wa Kasigau twajitazama wenyewe pia.

Neno la kwanza lililoteremshwa lilikuwa amri ya kusoma, nayo haikubagua mtoto wa pwani na wa bara. Wako miongoni mwetu walimu wastaafu wenye afya njema na alasiri tupu. Wako waliomudu kwenda Malindi kupunga upepo kila likizo. Kutoka Mombasa hadi Maungu ni safari ya asubuhi moja, na kutoka Maungu njia ya vumbi yaelekea mlimani. Mwenye wiki tatu za kuwafunza vijana wawili namna ya kumpima mtoto herufi, neno, aya na hadithi, atakuwa ameanza kulipa lile deni la mwaka 1915. Lakini akifika aulize kwanza wenyeji wenyewe wataka nini, na wanawake wasukao vikapu wapendelea mkeka utandikwe wapi.